Hakuna siasa kambini, ati. Basi tuangalie nini?

Mwezi uliopita tulikuwa na usiku wa sinema. Waliokuwepo wanakumbuka: shiti nyeupe ukutani, projekta ya kuazima, jenereta inakohoa kama mzee wa tumbaku, watoto wamekaa chini mbele, mama zetu nyuma na viti vyao vya kutoka nyumbani. Wiki mbili kabla tulikuwa tumeomba ruhusa ya kuonyesha filamu moja tu, fupi, kuhusu Kilwa. Jibu lilikuja jioni ileile, saa kumi na moja, waya tumeshafunga: "Hiyo hapana. Hiyo ni siasa. Hapa kambini hatutaki siasa." Tukapewa flashi nyingine. Tukaangalia kwa mara ya nne namna ya kunawa mikono. Halafu, kwa sababu mafuta ya jenereta yalibaki, tukawekewa Mmarekani mmoja anayeua watu kama sitini hivi kwa bunduki mbili, bila kutoka jasho.

Hiyo haikuwa siasa.

Tusieleweke vibaya. Kunawa mikono ni kuzuri, kipindupindu tunakijua kuliko anayetufundisha. Na yule Mmarekani tunampenda, tusidanganyane, watoto walipiga makofi. Lakini siye tulioomba ile filamu tulirudi nyumbani kimya, na tangu siku ile tunazungumza jambo hilohilo kila tukikutana. Nani alikaa akaamua kwamba risasi za kuigiza zinafaa kwa mkimbizi, na risasi za kweli, zilizopigwa mbele ya ziwa hili tunalochota maji, hazimfai?

Kwa wale wasioijua Kilwa, hasa ninyi ndugu wa mashirika mnaokuja na kuondoka kila baada ya miezi sita: simameni ufukweni Nchelenge au Kashikishi, mtazame jua linakozama. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na mji ulio upande ule ni Kilwa. Si kile kisiwa cha Kilwa kilicho katikati, ambacho ni cha Zambia, wala si Kilwa ya Tanzania. Tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia mjini pale kikasema kimeuteka. Kesho yake jeshi la serikali likaurudisha mji. Halafu likaingia nyumba kwa nyumba. Umoja wa Mataifa ulipochunguza, ulihesabu watu zaidi ya 70 waliouawa, na kati yao angalau 28 walionekana kuuawa bila kesi yoyote, wakiwa mikononi mwa askari.

Sasa, kiasi cha kilomita 50 kutoka Kilwa kuna mgodi wa Dikulushi, wa shaba na fedha. Wakati ule ulikuwa wa Anvil Mining, kampuni ya Australia na Kanada. Magari ya kampuni yalitumiwa na jeshi katika operesheni ile, na ndege iliyokodiwa na kampuni ilibeba askari. Kampuni ilijitetea kwamba jeshi lilichukua kwa amri na haikuwa na njia ya kukataa. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi kule Katanga ikawafutia askari na wafanyakazi wa kampuni mashtaka ya mauaji ya Kilwa. Walalamikaji wakajaribu Kanada, na mwaka 2012 mlango ule nao ukafungwa. Mpaka mwaka 2017, mwaka uleule wengi wetu tulipokuwa tunafunga virago kuvuka, ulipotangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: Kongo ilivunja haki za watu wa Kilwa, iwalipe walalamikaji wanane dola milioni 2.5, na iombe radhi.

Filamu tuliyokatazwa inaitwa The Kilwa Incident. Ilitengenezwa na kipindi cha Four Corners cha televisheni ya taifa ya Australia, ABC, ikatoka Juni 2005. Yaani ni ripoti ya wazungu kuuliza kampuni ya kwao: magari yenu yalifanya nini kule? Watu wa Australia waliiangalia sebuleni kwao wakinywa chai. Siye, ambao maji ya Kilwa yanatupiga miguu, tumeambiwa itatuvuruga.

Tunajua mnatoa wapi maneno ya "hakuna siasa". Kuna Mkataba wa OAU wa 1969 kuhusu wakimbizi, kifungu cha tatu. Tumekisoma, tena kwa sauti, chini ya mwembe. Kinasema mkimbizi asifanye vitendo vya uasi dhidi ya nchi yoyote mwanachama, na kinataja silaha, magazeti na redio. Sawa kabisa. Hatuna silaha, na wengi wetu tulikimbia watu wenye silaha. Lakini niambieni, tume iliyosema Kongo ina makosa Kilwa ni ya nani? Ni ya Umoja wa Afrika, nyumba ileile iliyozaa mkataba ule. Kwa hiyo baba mwenye nyumba akisema jambo mbele ya ukumbi, mtoto akilirudia jikoni anaitwa muasi?

Na kuna kitu kingine, ambacho mzee mmoja wa Kashikishi alitukumbusha. Madini ya Dikulushi yalikuwa yakishuka bandari ya Kilwa, yanapakiwa kwenye tishari, yanavuka Mweru na kushushwa hapa Nchelenge, kisha malori yanayachukua barabarani. Hapa hapa. Shaba na fedha vilivuka ziwa hili kwa karatasi safi, hakuna aliyeviweka kituo cha muda, hakuna aliyeviuliza kama vimeleta siasa.

Basi siasa ilivuka kabla yetu. Siye tulikuja nyuma yake na magodoro kichwani.

Tulisema hatutalia, tutapendekeza. Haya, tupendekeze. Tunaanza na filamu, na tunaanza na ugomvi.

Mashirika yakitaka kutuonyesha "filamu ya kwenu", mara nyingi huleta ya kuhuzunisha. Kuna moja nzuri kweli, Makala, ya Mfaransa Emmanuel Gras, iliyopata tuzo kule Cannes mwaka 2017. Inamfuata kijana wa karibu na Kolwezi anayekata mti, anachoma makaa, anasukuma baiskeli iliyojaa magunia kilomita 50 kwenda kuuza mjini. Watu wanaongea Kiswahili chetu cha Katanga, si cha vitabuni. Inapendeza macho. Lakini tulipoiangalia kwenye simu, sita kwa simu moja, dada mmoja aliyewahi kuuza makaa alisema: "Mbona hakuna hata mtu mmoja anauliza kwa nini shaba yote ya Kolwezi haimpi huyu hata umeme wa kupikia?" Ndiyo tatizo. Jasho tumeliona, bei yake hatukuambiwa. Iangalieni, lakini muulize swali la yule dada.

Dawa yake ni filamu ya Mkongo mwenyewe, Dieudo Hamadi, kijana wa Kisangani: En route pour le milliard, ya 2020. Inahusu watu waliokatwa miguu na mikono na mabomu ya Vita vya Siku Sita, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya Kisangani kana kwamba mji hauna wenyewe. Watu hao wanapanda mashua ya mizigo, wanashuka mto Kongo mpaka Kinshasa kudai fidia yao. Sikilizeni: kudai. Wanagombana wao kwa wao, wanaimba, wanafanya mchezo wa kuigiza, wananyeshewa mvua chini ya turubai linalovuja, mmoja anataka kurudi, mwingine anamfokea. Hawatabasamu kwa kamera ya mfadhili. Mahakama ya Kimataifa ilikuwa imeshasema mwaka 2005 kwamba Uganda inapaswa kulipa, na mwaka 2022 ikapanga kiasi, dola milioni 325. Ukiangalia filamu hii baada ya ile ya Kilwa, unaelewa kwamba wale walalamikaji wanane hawakuwa watu wa ajabu. Walikuwa majirani waliochoka kunyamaza. Kama tungeruhusiwa filamu moja tu kwa mwaka mzima, tungechagua hii.

Katanga Business ya Mbelgiji Thierry Michel, 2009, ni ya kuangalia na kalamu mkononi. Wachina, Wabelgiji, wachimbaji wa mikono, wote wanavuta shuka moja. Ndani yake yumo Moïse Katumbi akiwa gavana. Tunajua jina hilo linawatia joto maofisa, hatumpigii mtu kampeni, tulieni. Tunamtaja kwa sababu ya ufuko huu: alizaliwa Kashobwe, kule kwenye mpaka wa Luapula, mwaka 1964, na baba yake alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rhodes aliyewakimbia Wafashisti, akaja kufanya biashara ya samaki. Mkimbizi, jamani. Ziwa hili lina desturi ya kupokea.

Kwa wanaopenda muziki kuliko maneno kuna Soundtrack to a Coup d'Etat ya Johan Grimonprez, 2024. Ni ndefu, saa mbili na nusu, haina msimuliaji, inakurukia kama redio inayobadilishwa stesheni. Inaonyesha namna Marekani ilivyokuwa ikituma wanamuziki wa jazi Afrika wakati watu wengine walikuwa wanapanga kumwondoa Lumumba. Louis Armstrong alipiga tarumbeta Kongo mwaka 1960, na Januari 17, 1961 Lumumba akauawa Katanga, si mbali na Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mtu akikwambia muziki ni burudani tu, mwekee dakika ishirini za mwanzo. Ile Cold Case Hammarskjöld, kuhusu ndege ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa iliyoanguka karibu na Ndola Septemba 1961, tuliiacha katikati. Mtengenezaji anajipenda mno, kila dakika ni yeye na nguo zake nyeupe. Ndola ilistahili heshima zaidi.

Muziki sasa. Hapa tunawagombeza vijana wenzetu.

Simu zetu zimejaa. Diamond yupo, Fally yupo, Yo Maps yupo, hatuna ubaya nao, tunawacheza wote. Lakini muulize kijana wa hapa nani Mwenda Jean Bosco, atakutajia mchezaji wa mpira. Huyu alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi na gitaa lake, na wimbo wa Masanga ukazunguka dunia. Wapiga gitaa wa Ulaya bado wanavunja vidole kujifunza. Na aliimba Kiswahili gani? Chetu. Kile ambacho wakalimani wenye vitambulisho shingoni wanakiita "kibovu". Mabango ya afya hapa yameandikwa Kiswahili cha Dar, mama zetu wanayasoma kisha wanauliza, "Hii inasema je?" Bosco hakuhitaji mkalimani. (Ndiyo, na siye tunaandika hapa kwa Kiswahili cha shule. Tumeona. Tutajirekebisha mbele ya safari.)

Mwingine ni Remmy Ongala, mwana wa Kindu, aliyekwenda Dar es Salaam mwaka 1978 na akafa huko Desemba 2010 akiwa anaitwa Daktari bila kusomea udaktari. Aliimba kuhusu maskini, kuhusu kifo, kuhusu ubaguzi, na watu wakacheza huku wanafikiri. Wimbo wake wa Mambo kwa Soksi ulihimiza kondomu wakati wa UKIMWI, kwa ucheshi ambao radio ya serikali ilishindwa kuuvumilia, ukafungiwa. Mitaani ukapigwa hivyo hivyo. Ninyi mnaotuandalia semina za siku tatu na chai ya saa nne, hebu siku moja mpige Remmy halafu mwache watu wajadili. Mtashangaa nani ataongea. Watakuwa wale wanaosinziaga.

Na kwa Wazambia wenyeji wetu, Pilato. Mwishoni mwa 2017 alitoa wimbo kuhusu panya ndani ya chungu, Koswe Mumpoto, kuhusu viongozi wezi. Akatishiwa maisha na makada, Januari 2018 akakimbilia Afrika Kusini. Januari 2018! Mwezi uleule Mantapala ilipofunguliwa kwa ajili yetu. Siye tunaingia Zambia, yeye anatoka. Mei aliporudi akakamatwa uwanja wa ndege, kwa kesi ya maandamano ya magari 42 ya zimamoto yaliyonunuliwa dola milioni 42. Tunapenda kuwasimulia hadithi hii wale rafiki zetu wa Nchelenge wanaotuuliza kwa nini hatukubaki kwetu tukavumilia.

Vitabu ni vigumu kupata, tusijifanye. Maktaba ni kabati moja, na limejaa vitabu vya watoto wa theluji. Lakini kuna maandishi mawili ambayo kila mtu wa Katanga anapaswa kuyajua. La kwanza ni la mwaka 1965, linaitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. André Yav aliliandika kwa niaba ya wazee waliokuwa maboi, watumishi wa nyumba za Wabelgiji, nao wanasimulia historia ya mji jinsi ilivyoonekana kutoka jikoni. Limeandikwa Kiswahili cha Katanga mwanzo hadi mwisho. Johannes Fabian alilitoa na tafsiri yake mwaka 1990, na maandishi yenyewe yapo bure kwenye intaneti, si mazito, bando dogo linatosha. Wa pili ni Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa mitaani wa Lubumbashi. Miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi nzima, picha karibu mia, na kila picha akamweleza Fabian kwa mdomo wake, kwa Kiswahili. Fabian akaziweka kitabuni mwaka 1996. Tshibumba mwenyewe alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuna anayejua alikoishia. Mchoraji wa turubai za unga, hakuomba ruhusa ya mtu kuwa mwanahistoria.

Kwa Kiswahili sanifu mtafuteni Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Zanzibar akiwa kijana wa miaka 18 baada ya mapinduzi, akafika Uingereza, na mwaka 2021 akapata Nobel. Kitabu chake cha Paradise kilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis, kikaitwa Peponi, mwaka 2022. Kinafuata msafara wa wafanyabiashara wa pwani kuingia bara, na ukikisoma ukiwa huku bara unakisoma kinyume, kutoka kwa wale waliouona msafara unakuja. Tram 83 ya Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi ni baa, migodi na kelele. Usikisome mbele ya mama yako.

Ninyi wa mashirika someni kimoja tu, hata kama hamsomi kingine: kile ambacho Mwata Kazembe wa kumi na nne alikiandika na padri Labrecque kwa Kibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi. Kina tafsiri ya Kiingereza, hamna sababu. Mtaona kwamba Walunda wa Mwansabombwe, ambao kila Julai mnapiga picha kwenye Mutomboko wao, walitoka kwa Mwata Yamvo, Kongo, wakavuka Luapula. Walikuja na mkuki, siye tumekuja na kadi ya mgao. Lakini njia ni ileile.

Sasa tuseme na yale tusiyoyapenda kuyasema. Yule ofisa aliyetukatalia si mtu mbaya. Baadaye alituambia kando kwamba anaogopa filamu itafufua ugomvi wa Waluba na Watwa, na kwamba wapo mama ambao wakisikia mlio wa bunduki hawalali. Hilo ni kweli, na mmoja wa mama hao ni wa nyumbani kwa mmoja wetu. Kwa hiyo tumekubaliana. L'Empire du silence ya Thierry Michel, yenye maiti nyingi, hatutaionyesha uwanjani kamwe. Anayetaka aiangalie na wachache, mchana, mlango wazi. Filamu ya Kilwa itatangazwa siku mbili kabla, watoto watarudishwa nyumbani baada ya katuni, na mama wawili wa kikundi cha kusikiliza watakaa pembeni. Lakini tuliomba hayo yote tangu mwanzo. Yalikuwa kwenye barua. Barua haikusomwa.

Siku ile baada ya jenereta kuzimwa, mama mmoja mzaliwa wa upande wa Kilwa alitufuata akitaka kujua kwa nini hatukuonyesha ile tuliyomwahidi. Tukamwonyesha vipande kwenye simu. Ilipotokea bandari akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho. "Bana bangu," akasema, "pale njo kwetu." Akatutajia nani alikuwa akiuza samaki upande gani wa gati. Tulikaa naye mpaka betri ikaisha. Hakuvurugika. Alikuwa na hamu ya kuongea, na sijui ni nani mwingine amewahi kumuuliza.

Tumepeleka barua nyingine, ukurasa mmoja tu safari hii, na tumeweka alama ya kalamu nyekundu kwenye mistari miwili inayohitaji saini. Tukijibiwa ndiyo, ni Jumamosi baada ya mechi, uwanja uleule. Tukijibiwa hapana, ni Jumamosi ileile nyumbani kwa mmoja wetu, watu kumi na tano, simu yenye kioo kikubwa. Filamu ni ya Kiingereza. Anayeweza kutafsiri haraka kwa Kiswahili na Kibemba aje mapema, tunaye mmoja tu na koo lake limeharibika kwa malaria.